Rangi ya Mikeka Kwenye Shavu la Bibi

Jumatatu ya Juma Kuu, Machi 1994. Mvua imenyesha tangu alfajiri, saa tatu ikakatika, jua likatoka kali. Matope hadi fundo la mguu.

Ndivyo ukurasa ule unavyoanza kwenye daftari langu. Nimeishia darasa la saba, na sijui nani alinidanganya kwamba mtu wa darasa la saba anaweza kuandika habari zake za kila siku. Lakini nilikuwa naandika, na kila siku nilianza na mvua au jua, maana hapo angalau nilikuwa na hakika. Yanayofuata sina hakika nayo sana. Mahali fulani nimeandika "nilifanya kwa haki", juu yake nikaongeza "nadhani", halafu nikaifuta hiyo "nadhani", halafu nikairudisha.

Nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja pale Mpanda mjini. Mtu akinunua kitambaa ndani, anatoka nacho, na kabla hajafika barabarani ananikuta mimi nimekaa mlangoni na futi shingoni. Bila baraza lile mimi si fundi, ni mtu mwenye cherehani. Sokoni mafundi walikuwa wengi kuliko nguo.

Sasa, wiki mbili kabla ya siku hiyo, tajiri akanijia. Ndivyo tulivyomwita mwenye duka, na aliitika. Akasimama kwenye baraza, akalipima kwa hatua kwenda na kurudi, akaruka miguu yangu bila kunitazama. Akasema treni ikileta simenti stoo inajaa, kwa hiyo baraza lingefaa kwa mifuko.

"Na mimi, tajiri?"

"Wewe mimi nafikiri kwanza. Sikukuu yetu ipite. Halafu mimi nasema wewe kaa, ao wewe hama."

Siandiki Kiswahili chake ili acheke mtu. Alikuwa anajua Kigujarati, Kiingereza, hesabu zote, na Kikonongo cha kutosha kununulia asali ya Inyonga. Mimi Kiswahili ndiyo lugha yangu ya pili na sina ya tatu. Tena baraza lilikuwa lake, na simenti haiwezi kulala nje kwenye mvua, fundi anaweza. Hayo yote niliyakubali kwa haki. Ila sikulala vizuri.

Basi nikaamua kwamba mpaka sikukuu ipite nitakuwa mtu mwema kuliko watu wote wa Mpanda.

Sikukuu yenyewe inaitwa Holi. Nilikuwa nimeiona miaka miwili nikiwa pale nje, kelele tu na watoto wake kutoka nyuma wakiwa wa kijani. Mwaka ule tajiri aliniita niingie uani nisaidie, kwa sababu familia nyingine ya Kihindu waliyokuwa wakisherehekea nayo ilikuwa imehamia Tabora, na Holi, aliniambia, haichezwi na watu watano. Yeye, mkewe, binti zao wawili wa shule, na mama yake. Watano wenyewe walikuwa wanne, lakini hilo nilikuwa sijalijua, na ndiyo habari yenyewe.

Kwanza kulikuwa na moto wa kuamkia sikukuu, Jumapili jioni. Alhamisi ya kabla yake tajiri akanituma mavi ya ng'ombe yaliyokauka.

"Ya bustani?"

"Ya moto. Moto ya Mungu. Kavu kabisa."

Machi, Mpanda, kitu kikavu kabisa. Nikapanda baiskeli mpaka pembeni ya Misunkumilo kwa mzee mmoja wa Kisukuma aliyekuwa amehama na ng'ombe zake kutoka kaskazini. Alikuwa na rundo la mavi makavu chini ya kibanda, ya kufukizia zizi mbu wasisumbue ng'ombe. Nilipomweleza akakaa chini kabisa kwa kucheka.

"Nyie watu wa mjini! Mnakaa mnasema Msukuma mshamba, Msukuma ananuka ng'ombe. Leo mmetumwa mavi? Na ng'ombe mwenyewe hamtaki?"

"Wao ng'ombe wanamheshimu, mzee. Hawamli."

"Hawamli?" Akaacha kucheka. Akafikiri. "Basi hao ni watu. Chukua. Sitaki kitu, nataka kuja kuona tu wanayafanya nini."

Akaja kweli Jumapili, akasimama kwenye mlango wa nyuma na fimbo yake. Mimi nilitoka kanisani na tawi langu la mchikichi mkononi, maana ilikuwa Jumapili ya Matawi, nikaliegemeza ukutani nikakoka moto wa dini nyingine. Haukuwaka. Kuni za kutoka kijijini Kasokola zilikuwa zimelowa mpaka moyoni. Tajiri, mtu anayeuza mafuta ya taa kwa mji mzima, akasimama na galoni mkononi akimwuliza mama yake kama inaruhusiwa. Yule bibi akajibu kwa Kiswahili, kusudi nasi tusikie:

"Mungu ameleta mvua, Mungu ameleta na mafuta ya taa. Mwaga."

Ukawaka. Wakauzunguka, wakatupia nazi, bisi na tende. Tajiri akaniambia maana yake: kulikuwa na mfalme mbaya aliyesema yeye ndiye Mungu. Mwanawe akakataa. Shangazi wa mtoto alikuwa na dawa ya kutoungua, wakakubaliana na mfalme ampakate mtoto waingie motoni. Shangazi akaungua, mtoto akatoka mzima. Nikamwambia kwetu nako, kwenye Biblia, wapo, vijana watatu, na mfalme vilevile, na tanuri. Tajiri akafurahi sana. Akasema labda ni mfalme mmoja, anahamahama. Yule mzee wa ng'ombe akasema kutoka mlangoni, "Kumbe mnachoma tu kama sisi," akaenda zake, nadhani amevunjika moyo kidogo.

Asubuhi ya Jumatatu tajiri alichukua majivu yaliyopoa akajipaka kwenye paji la uso, akampaka mkewe na wasichana. Sikucheka. Mimi mwenyewe wiki sita nyuma nilikuwa nimepakwa majivu palepale pajini, ya matawi yaliyochomwa, nikatembea nayo mjini siku nzima nikijiona mtakatifu.

Kilichobaki ni rangi. Rangi yao ni unga laini, wanarushiana na kupakana, na kwa siku hiyo mdogo anampaka mkubwa, mtumishi anampaka bwana, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Wana neno lao la kusema, maana yake usinune, leo ni Holi. Lakini unga huo ulitakiwa utoke Dar es Salaam na treni, na treni ilikuwa imekwama njiani kwa sababu ya mvua. Mke wa tajiri akaleta manjano ya jikoni. Haikutosha. Hapo tajiri akaingia dukani akatoka na vipakiti vya rangi ya mikeka, ile ya unga wanayonunua wanawake kwa ajili ya kutia ukili. Pinki, zambarau, kijani.

Nikamwambia, "Tajiri, hii haitoki. Mkeka unaoza rangi ipo."

"Ndiyo vizuri," akasema. "Sikukuu ndefu."

Wakachanganya na unga wa ngano ipungue makali. Nami kama fundi najua jambo moja kuhusu rangi ile: ikiwa kavu ni vumbi tu, unaikung'uta. Inasubiri maji. Ikipata maji ndiyo inaamka, na ikiamka hailali tena. Hilo mke wa tajiri hakulijua, wala tajiri, yeye anauza vipakiti, hasuki. Nilifikiri kuwaambia. Nikafikiri nimeshasema moja, fundi asiye na uhakika wa baraza lake asiseme mawili.

Tukacheza. Binti mdogo ndiye alianza, alinimwagia kichwani kopo zima la zambarau akasema, "Usinune, fundi!" Mkubwa akanipaka masikio. Mimi nikampaka tajiri. Kusema kweli nilimpaka kwa nguvu kuliko sikukuu ilivyohitaji, mkono mzima, kutoka kidevuni mpaka kwenye upara, na alicheka mpaka akakohoa, na nikamwona kwa mara ya kwanza kama mtu nitakayemkumbuka nikihama. Mkewe nilimpaka kidogo kwenye mkono kwa adabu.

Halafu nikamwona bibi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba pembeni, chini ya paa, na sari yake nyeupe. Sikuwahi kumwona na nguo nyingine. Mweupe tupu, katikati ya watu waliogeuka mkeka. Hakuna aliyemgusa. Watoto walimpita wakikimbia kama wanavyopita nguzo. Nikasema moyoni: wamemsahau. Kila mtu amepata, yeye hajapata.

Hapa ndipo penye ile "nadhani". Mimi ni mtu ambaye nikigawa nyama nyumbani napima kwa macho mpaka inapoa. Siwezi kuona mmoja amekosa. Hiyo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba mji mzima ulijua duka lina jina la marehemu mume wa bibi mlangoni na funguo ziko kiunoni mwake, na tajiri akisema "mimi nafikiri kwanza" maana yake anakwenda kumwuliza mama. Sasa nilipokwenda kwake na kidole chenye pinki, nilikwenda kwa haki au kwa baraza? Nimeandika haki. Baraza lilikuwepo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, fundi."

"Usinune, Bibi, leo Holi." Nikampaka shavu la kushoto. Kidogo tu. Na punje kidogo zikamdondokea begani kwenye ile sari.

 Sinia aliyoshika mke wa tajiri ikainama, bisi zikamwagika zote kwenye matope. Tajiri, na uso wake wa zambarau, akaja mbio.

"Fundi! Hapana! Mama hapana rangi! Mama mjane!"

Nikasema kuwa mjane nilijua, mengine sikujua. Akaniambia mjane kwao havai rangi, hachezi rangi, hapakwi rangi, ndiyo maana ya ile nyeupe. Nilidhani ni usafi. Wallahi nilidhani ni mwanamke mzee anayependa usafi.

Na hapo badala ya kunyamaza mdomo wangu ukauliza: "Mzee alifariki lini?"

"Miaka kumi na moja."

"Na matanga bado hayajaisha?"

Sikusema kwa dharau. Kwetu mjane anakaa, ananyolewa, ananyamaza, halafu ndugu wanakuja wanamtoa, anaoga, anavaa kitenge kipya, kesho unamkuta sokoni anabishana bei ya dagaa. Nilikuwa nauliza tu. Lakini mke wa tajiri akafunika mdomo, na tajiri akanitazama, nikaona ndani ya macho yake mifuko ya simenti imepangwa vizuri kwenye baraza langu mpaka juu.

 Bibi akainuka, akaenda kwenye pipa la maji ya mvua.

Ningeweza kumwambia. Asinawe, afute kwa kitambaa kikavu, na mafuta kidogo ya nazi. Nilijua. Nilisimama pale na ujuzi wangu mdomoni, nikaogopa kwamba neno lolote nitakalosema sasa ni la tatu. Au sikuogopa, labda nilitaka kuona. Sijui. Kwenye daftari hapa sikuandika kitu, nimeacha mstari mtupu.

Akachota maji kwa viganja, akanawa, akasugua.

Alipogeuka, shavu lilikuwa linawaka. Kile kivumbi kilichokuwa kama poda kilikuwa sasa kimeenea kutoka jicho mpaka taya, pinki ya kwenye mikeka ya bi harusi. Binti mdogo akapiga ukelele wa furaha, dada yake akamziba. Bibi akanyoosha mkono, mke wa tajiri akamletea kioo. Akajitazama. Upande huu. Upande huu. Alijitazama muda mrefu kuliko mtu anayetafuta doa.

"Fundi."

"Naam, Bibi."

"Hii inatoka lini?"

"Kwenye ngozi? Wiki, Bibi. Ukisugua, siku kumi."

"Ukisugua inachelewa?"

"Inaingia."

Akakishusha kioo. "Nilikuwa naona zile suruali zako, mguu mmoja mrefu, nikadhani ni macho yangu. Kumbe ndivyo ulivyo. Unapaka upande mmoja unaacha. Sasa mimi wiki nzima nikae dukani hivi, shavu moja harusi, shavu moja msiba?"

 Sikujua kama ni ruhusa ya kucheka.

"Maliza kazi," akasema.

Nikamtazama tajiri. Tajiri akatazama mawingu, kama mtu anayesubiri treni. Akasema maneno ya Kigujarati, taratibu. Bibi akamjibu maneno mengi, haraka, na ndani yake nilisikia neno moja tu ninalolijua, "matanga", akilisema kama nilivyolisema mimi. Nikachovya kidole.  Nikampaka shavu la kulia, nikapima kwa macho, nikaongeza, yawe sawa. Yakawa sawa. Akanawa mwenyewe ili liamke.

Mke wa tajiri alikuwa analia. Nataka kuwa mwadilifu hapa: sijui alilia kwa sababu gani. Huenda aliona jambo baya limefanyika nyumbani mwake, na kwa sheria zao lilikuwa baya. Sikuwa na haki ya kuzivunja, hata kwa kutojua, na kwamba bibi alilipokea hakunifanyi mimi kuwa mtu aliyejua.

Nikarudi kwenye baraza kukusanya vitu vyangu. Nilifunga mkasi kwenye kitambaa, nikatoa uzi kwenye cherehani. Saa tisa hivi tajiri akatoka. Akapima baraza kwa hatua, kwenda na kurudi. Safari hii alinikanyaga.

"Mama nasema simenti iende stoo, chini ya mabati."

Nikaendelea kuviringisha uzi.

"Mimi nauliza mama, kwa nini fundi abaki? Yeye nasema, watu watauliza hii shavu. Kama fundi hapana hapa, watu watasema mama amejipaka mwenyewe." Akafikiri, nikaona jambo hilo linamwingia kwa uchungu kwamba lina akili. "Kwa hiyo wewe kaa. Mtu akiuliza, mama ataonyesha wewe."

"Asante, tajiri."

"Lakini mwaka kesho, siku ya Holi, wewe hapana kuja. Likizo. Kaa kwako, funga mlango."

Ndivyo nilivyoponya baraza langu: si kwa ushonaji, si kwa wema wa wiki mbili, ila kwa kuwa mkosaji wa kuonyeshwa kidole. Na alinionyesha kweli. Wiki nzima, kila mwanamke aliyeingia kununua sabuni aliuliza, "Bibi, umefanyaje mashavu?" na bibi kutoka kwenye kaunta akanyoosha mkono nje: "Muulizeni fundi." Walipotoka walinitazama vibaya, wengine wakaagiza gauni. Rangi ya ngozi ilitoka baada ya Pasaka. Ile ya begani kwenye sari haikutoka, doa dogo kama kifungo, na mara nyingi baadaye nilimwona ameivaa sari ileile. Sijui kama alikuwa na chache. Doa alikuwa anaweza kulificha kwa kukunja upande wa pili. Hakukunja.

Lakini hiyo ni baadaye. Jioni ile nilifunga cherehani nikapita mjini na kichwa cha zambarau na masikio ya pinki, na kwa bahati yangu nikakutana na katekista akitoka mazoezi ya kwaya. Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Zambarau ni ya Kwaresima, hiyo sawa," akasema. "Lakini rangi ya waridi ni Jumapili ya nne tu. Umechelewa wiki mbili."

Nyumbani mke wangu aliniuliza kama nimechinjwa. Nikamweleza yote, na ile ya kunyamaza pale kwenye pipa. Akafikiri, akasema ningemwambia mapema asinawe, bibi angebaki mweupe na mimi ningekuwa sokoni, kwa hiyo niache kujitesa. Nikamwambia hiyo si hoja. Akasema, "Najua si hoja. Nawa mikono."

Nilikuwa na kifurushi, bibi alinitumia kwa binti mdogo wakati naondoka: chapati zao za sikukuu, laini, ndani zimejazwa dengu na sukari, zimepakwa samli. Mke wangu alikuwa ametufungisha nyama na vitu vya mafuta tangu Jumatano ya Majivu. Akazifunua kwa ncha ya kidole.

"Zina nyama?"

"Hawa hawali nyama maisha yao yote."

"Maisha yote?" Akazitazama kwa huruma. "Basi hawa Kwaresima yao haina Pasaka." Kuhusu samli hakuuliza, nami sikusema, na hilo nalo nimeliandika.

Tulikula ugali na maharage ya kuchemsha yasiyo na mafuta, na juu yake chapati tamu za bibi, nilizokata kwa mkasi wa kazi ili vipande viwe sawa. Havikuwa sawa. Kimoja kilikuwa na pinki kidogo pembeni, ya kidole changu, na watoto wakakigombania.